Baada ya ndizi na chungwa: josho letu na kura mbili za maoni

Ndugu aliyeanzisha uzi huu ameuliza nchi iliyogawanywa na kura ya maoni huponywaje, na kama si heri kuuachia muda ufanye kazi yake. Ninajibu nikiwa mwalimu mstaafu niliyehudumu kama karani wa kituo katika kura zote mbili za maoni za Kenya kuhusu katiba mpya, ya Novemba 21, 2005 na ya Agosti 4, 2010, katika kijiji kimoja cha nyanda za juu za Molo ambako Wakikuyu, Wakalenjin na jamii nyingine hupakana shamba kwa shamba. Mara ya kwanza tuliuachia muda. Ulitufikisha Desemba 2007.

Walio wachanga huenda hawajui kwamba mwaka 2005 Tume ya Uchaguzi iliipa kambi ya Ndiyo alama ya ndizi na kambi ya La alama ya chungwa, ili asiyejua kusoma naye apige kura. Rasimu yenyewe ya katiba haikuwa ile iliyopitishwa na mkutano wa kitaifa wa katiba uliofanyika Bomas, Nairobi, mwaka 2004. Ilikuwa imepita mikononi mwa wabunge na ya Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, na waliotaka waziri mkuu mwenye mamlaka halisi walijiona wamepunjwa. Hayo yalikuwa ya wakubwa. Katika foleni ya kituo chetu sikumsikia hata mtu mmoja akitaja kifungu chochote. Waliongea juu ya mkataba wa maelewano wa 2002 wa kugawana madaraka kati ya kambi ya Mwai Kibaki na ya Raila Odinga, juu ya nani alimsaliti nani, na chini ya majina hayo mawili kila mmoja alikuwa akisikia kabila lake.

Takribani asilimia 58 ya waliopiga kura waliikataa rasimu, na kati ya mikoa minane ni Mkoa wa Kati pekee ulioikubali. Kwa haki, Rais Kibaki aliyakubali matokeo. Siku mbili baadaye, hata hivyo, alilivunja baraza la mawaziri, na lile aliloliunda Desemba halikuwa na nafasi kwa vigogo wa Chungwa. Chungwa nalo likageuka chama cha siasa. Kwa maoni yangu jeraha halisi lilitoneshwa hapo, kuliko siku ya kura yenyewe: kampeni haikufungwa. Zile kamati za vijijini zilizokuwa zimeundwa kutafuta kura za rasimu ziliendelea kukutana kwa miaka miwili, zikisubiri uchaguzi mkuu, na majirani waliendelea kuhesabiana.

Nitasimulia josho letu la ng'ombe, yaani birika la kuwaogeshea dawa ya kuua kupe, kwa kuwa ndilo lililonifundisha mengi. Lilisimamiwa na kamati ya watu wa pande zote mbili za barabara, na kila mfugaji alitoa ada yake kwa ajili ya dawa. Baada ya kura ya 2005 mikutano ya kamati ikaanza kukosa akidi, kisha kukatokea mnong'ono kwamba mweka hazina ananunua dawa hafifu siku ya upande fulani. Haikuwa kweli, nami niliwahi kukagua risiti zile mwenyewe, lakini mnong'ono hauombi risiti. Kufikia mwaka 2007 josho lilikuwa limekauka na ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, ikaua ng'ombe wa upande huu na wa upande ule. Watu walizika ng'ombe na kulaumiana. Maneno kama madoadoa na kwekwe, ya kuwatukana watu wa kabila lingine kuwa si wenyeji, ambayo zamani yalisemwa na wanasiasa jukwaani, nikaanza kuyasikia yakisemwa na watoto niliowafundisha kusoma.

Yaliyofuata uchaguzi wa 2007 yanajulikana: watu zaidi ya 1,100 waliuawa na malaki wakafukuzwa makwao. Wengi wa kwetu walilala kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Mkataba wa Februari 28, 2008, uliopatikana kwa usuluhishi wa Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ulizima moto kwa kumpa Raila uwaziri mkuu na kugawana wizara. Wengi waliubeza kwa sababu ya baraza la mawaziri 40, nami pia niliona ni mzigo kwa mlipa kodi. Pamoja na hayo, nakiri kwamba jioni ile, baada ya picha ya wale wawili wakitia saini kuonekana kwenye televisheni ya dukani, ndipo mzee mmoja wa Kikalenjin alipovuka barabara kwa mara ya kwanza tangu Januari kuja kununua sukari.

Niliteuliwa katika kamati ya amani ya kata. Mikutano yetu ya mwanzo ilikuwa kupoteza wakati. Tuliketi duara, tukaombewa na wachungaji, tukahimizwa kusameheana na maofisa waliokuja na magari na kuondoka na magari, na kila mtu akarudi nyumbani na uchungu wake. Mwanamke mmoja aliyechomewa nyumba aliniuliza faraghani, “Mwalimu, nisamehe nini, na aliyenichomea hajasema kwamba alinichomea?” Sikuwa na jibu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliwasilisha ripoti yake kwa rais Mei 2013, na mapendekezo yake mengi hayajatekelezwa, kwa hiyo swali la mama yule liko palepale.

Tulipoacha hotuba na kurudi kwenye josho, mambo yakaanza kusogea. Masharti yalikuwa machache: mweka hazina atoke upande mmoja, ufunguo wa ghala la dawa ukae upande mwingine, na dawa ichanganywe mbele ya watu wawili, mmoja kutoka kila upande. Hakuna aliyeambiwa amwamini mwenzake. Kila mmoja alipewa njia ya kumchunguza mwenzake bila kumtukana, na baada ya miezi mingi ya kuchunguzana, watu walianza kusalimiana pale foleni ya ng'ombe inapokuwa ndefu.

Ilipofika kura ya 2010 hofu ilirudi. Bonde la Ufa lilikuwa ngome ya Hapana, na kwetu vikaratasi vya kuwataka watu wahame vilitupwa usiku. Safari hii kamati ilikubaliana mapema kwamba, kura ikielekea kokote, hapatakuwa na kushangilia barabarani wala kupiga honi, na kamati zote za kampeni zitavunjwa kabla ya wiki kwisha. La pili ni kwamba tulisoma. Hofu kubwa ya waliosema Hapana kwetu ilikuwa Kifungu cha 68, kinachoelekeza Bunge kuweka sheria kuhusu kiwango cha chini na cha juu cha umiliki wa ardhi ya kibinafsi. Nilikisoma kwa sauti mara tatu, pamoja na Kifungu cha 40 kinacholinda mali, na sikujaribu kuwaambia kwamba hofu yao ni ya kijinga, kwa sababu haikuwa.

Katiba ilipita kwa takriban thuluthi mbili ya kura nchini, ingawa Bonde la Ufa liliikataa. Viongozi wa Hapana, akiwemo William Ruto, walikubali kushindwa mara moja, na hilo lilitusaidia kuliko askari wote waliokuwa wameletwa. Kesho yake josho lilifunguliwa saa moja asubuhi, na mwenye ufunguo, aliyekuwa amepiga Hapana, alifika kabla ya mweka hazina.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kwenu anzeni na kamati za kampeni. Ulizeni zimevunjwa lini na daftari zao ziko wapi. Halafu tafuteni kile kilichoharibika ambacho pande zote mbili zinakihitaji, hata kama ni kisima au barabara ya maziwa, na mkiwekee masharti ya kukaguana.

Sitakudanganya kwamba kwetu kila kitu kilirudi. Familia tatu hazikurejea kutoka Nakuru. Mashamba yao yamekodishwa na yanalimwa viazi, na majina yao bado yamo katika daftari la josho, kwa kuwa kamati haijawahi kukubaliana kuyafuta.