Tuzo ya mchango kwa jamii: mnaniuliza namjua nani kule

Tangu niweke ile picha ya kijana wetu kashika tuzo inboksi haipumui. Pongezi ni nyingi na nashukuru sana, hata nyie mlioandika "hongera" bila kusoma nilichoandika chini ya picha. Ila kuna meseji moja imenikaa. Dada mmoja anacheza netiboli huko Mbeya, hakuweka hata salamu, kaandika tu: "Dada tuambie ukweli, unamjua nani kule?"

Nikacheka. Halafu nikanuna mpaka usiku, mume wangu ananiuliza una nini namwambia sina kitu. Maana hiyo imani, kwamba tuzo ni za wenye mtu wao kwenye kamati, naijua, niliishi nayo mwenyewe muda mrefu na ni tamu kweli, inakupa mtu wa kulaumu kila mwaka. Kwahiyo hii ni kwa ajili yako dada, na kwa wanamichezo wote mnaofanya mambo makubwa mtaani kwenu na hamna anayewaita jukwaani, najua mko wengi na najua mnaitaka hiyo tuzo kama nilivyoitaka mimi, tusidanganyane.

Kwa ambao hamkufuatilia, kijana ni kiziwi, anakimbia mita 800 na 1500, na kwa muda mrefu amekuwa anafundisha lugha ya alama madereva wa bodaboda na manesi wa zahanati ya kata yao. Alianza baada ya dada yake, naye kiziwi, kwenda kliniki na mimba na kurudi nyumbani hajaelewa hata kitu kimoja alichoambiwa. Hakuna mradi wala mfadhili wala fulana zenye nembo. Akimaliza mazoezi ya asubuhi anapita kijiweni, anawapa alama tano sita, kesho yake anawauliza za jana, anayekosea anachekwa na wenzake. Mimi ndo nilimwandikia maombi. Kashinda tuzo ya kitaifa ya uongozi na mchango kwa jamii, akapanda jukwaani na mkalimani wake, ukumbi mzima ukapunga mikono juu badala ya kupiga makofi. Nililia na sioni aibu. Na hapana, simjui mtu kule.

Sasa nirudi kwangu, maana ushauri wenyewe hauna maana bila hii.

Mi nilikuwa GD, mlinzi, na waliocheza netiboli wanajua mlinzi hapigwi picha. Nilianzia UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, nikaingia timu ya mkoa, nikaitwa kambi ya Taifa Queens, timu ya taifa ya netiboli, nikarudishwa nyumbani kabla jezi hazijagawiwa (hiyo ni stori nyingine na bado inauma), halafu goti likaisha. Nikarudi kijijini Iringa kwa mama, sina kazi, nikaanza kuwachezesha mabinti wa shule ya kata kila Jumamosi kwenye kile kiwanja chao cha vumbi. Baada ya muda nikaona wiki hii huyu hayupo, wiki ijayo yule hayupo, nauliza wenzake wanaangalia chini. Ni hedhi. Mtoto hana taulo anakaa ndani, mazoezi haji na shule haendi. Nikachukua cherehani ya mama, nikaanza kushona taulo za kufua, vitambaa vya pamba vya mtumba. Ukija mazoezini unapata, usipokuja unapata pia ila njoo uchukue mwenyewe tuongee. Hayo maongezi ndo yalikuwa kazi hasa, taulo zilikuwa sababu ya kuwafanya waje. Kuna mabinti walinieleza mambo pale ambayo mama zao hawayajui mpaka leo.

Hapo katikati ikapita miaka, siwachoshi. Mwalimu mmoja akapeleka jina langu kwenye tuzo fulani, siitaji. Nikaingia watatu wa mwisho. Nikaenda Dar, hotelini, nimevaa gauni la kuazima kwa shemeji na viatu vinabana, nimejiandalia na hotuba kabisa. Akatangazwa mwanasoka. Jina kubwa, mnamfahamu, siwatajii. Alichofanya ni kwenda shule moja siku moja na gari limejaa mipira na jezi, na kamera ya kuruka juu, wakarusha video ikasambaa mji mzima. Aliposimama kushukuru akakosea jina la ile shule. Nilikaa pale natabasamu maana kamera ilikuwa inatuangalia tulioshindwa, na moyoni nasema maneno ambayo mama yangu hakunifundisha.

Usiku ule ule nje ya ukumbi mama mmoja mtu mzima, alikuwa kwenye kamati, akanishika mkono. Akaniambia, mwanangu, faili lako lilikuwa karatasi mbili. Barua ya mwalimu na picha ya kiwanja. La mwenzio lilikuwa na barua ya mkuu wa shule, ya afisa elimu, risiti za vifaa, orodha ya darasa zima, mpaka video. Sisi hatukuwahi kufika kijijini kwenu, tungejuaje?

Bado naamini nilistahili mimi. Nasema hivyo leo na nitasema kesho. Lakini yale maneno sijayasahau.

Fikiria hivi. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros wanaingia uwanjani kumaliza marathoni ya mashindano ya dunia, wote wanapewa muda mmoja, 2:09:48. Macho ya mtu hayawezi kuamua. Wakaangalia picha ya mstari wa mwisho, tofauti ikaonekana, dhahabu ikaja Tanzania, ya kwanza kwetu kwenye yale mashindano. Angekuwa anajulikana au hajulikani, kamera haiulizi. Sasa tuzo ya mchango kwa jamii haina mstari wa mwisho. Hamna saa wala kamera iliyowekwa kijijini kwenu miaka yote hiyo. Kuna watu sita saba wamekaa chumbani na lundo la fomu, wamechoka, chai imepoa, na wanachokiona kuhusu maisha yako ni kile kilichoandikwa. Konekshen zipo, mi sio mtoto, ila ukipeleka karatasi mbili unawarahisishia hao wenye konekshen.

Kwahiyo nunua daftari. Counter book ile kubwa, siyo simu, simu inaibiwa. Kila siku ya kazi andika tarehe, nani alikuja, mlifanya nini, na asaini mwenyewe. Kwa kijana wetu nilianza na hilo kabla hata sijajua kuna tuzo gani: dereva akifundishwa anaandika jina na namba ya simu na alama alizojifunza. Fomu ilipotoka tukawa na kurasa na kurasa za majina kwa mwandiko tofauti tofauti, wengine wameandika vibaya kweli, na nadhani yale madudu ndo yaliyowashawishi kuliko sentensi zangu zote. Nesi wa zahanati akaandika barua kwa mkono akaeleza mama mmoja kiziwi aliyejifungua salama kwa sababu nesi alijua kumwambia sukuma na pumzika. Mtendaji wa kata akagonga muhuri. Afisa michezo wa wilaya alituzungusha kidogo lakini akatoa. Ukisubiri fomu ndo uanze kutafuta hizi barua umechelewa, maana fomu zikitoka zina wiki chache na mtendaji yuko semina.

La pili, usipeleke jina lako mwenyewe kama kuna mtu anaweza kukusemea. Wamarekani kwenye ile tuzo ya NFL, ligi ya mpira wao wa Kimarekani, inayoitwa Walter Payton, timu zote 32 kila moja inatoa mchezaji wake mmoja, yaani klabu ndo inasimama na kusema huyu wetu amefanya hivi na hivi, halafu ndo anatafutwa mmoja wa taifa. Kwetu viongozi wengi wa vilabu na vyama vya mikoa hawajui hata fomu inatoka lini, wewe ndo umpelekee, umkumbushe, umpelekee tena, umpe nauli ya boda. Inaudhi lakini ndo hivyo. Na ukiwa wewe ndo kapteni au kocha, una kazi ya kuandika ya wenzako. Mi sikuandikiwa vizuri, basi naandikia wengine.

Mtaniambia mbona wenye majina hawahangaiki na madaftari. Haya, tuwaangalie. Tegla Loroupe, mkimbiaji wa Kenya, alishashinda marathoni ya New York mara mbili, 1994 na 1995, alishaweka rekodi ya dunia ya marathoni, jina alikuwa nalo. Angeweza kukaa Ulaya anakula zake. Mwaka 2003 akaanza mbio za amani kwao West Pokot, anawakimbiza Wapokot na Waturkana na Wakaramoja kwenye barabara moja, watu waliokuwa wanauana kwa ajili ya ng'ombe, na akaendelea mwaka hadi mwaka hata wakati hamna kamera. Baadaye akawa na kambi ya mazoezi kule Ngong, akaleta wakimbiaji kutoka kambi ya wakimbizi Kakuma. Ndo maana Rio 2016, Olimpiki ilipoamua kuwa na timu ya wakimbizi kwa mara ya kwanza, wanamichezo 10, aliyeiongoza alikuwa yeye. Hawakumtafuta kwa sababu ya New York, wakimbiaji watano kati ya wale 10 walikuwa wametoka mikononi mwake. Jina linafungua mlango, sawa, lakini lazima kuwe na kitu ndani.

Na kwetu hapa, Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch 1974, 3:32.2, ila nenda leo Kibaha uulize watoto, wengi watakwambia Filbert Bayi ni shule. Mi nadhani hiyo ni heshima kubwa kuliko kikombe chochote, sema kikombe nacho nakitaka nisiwe mnafiki.

Halafu kuna kusubiri, hapa ndo wengi mnakata tamaa. Mzee John Stephen Akhwari wa Mbulu alimaliza wa mwisho marathoni ya Olimpiki kule Mexico City 1968, goti limefungwa bandeji, giza limeingia, washindi wameshavikwa medali. Ile kauli yake kwamba nchi haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza mnaijua, kila kocha anaitumia mpaka imechakaa. Mnachosahau ni kwamba nishani ya shujaa wa taifa alipewa 1983. Hesabu mwenyewe, miaka 15. Wewe umekosa msimu mmoja umeshafuta akaunti.

Nikifika hapa huwa napandisha sauti, mnivumilie. Nyie wachezaji mnaopeleka mchele na sabuni kwenye kituo cha watoto yatima siku ya birthdei, mnawapanga watoto mstari, mnapiga picha katoni ya sabuni ikiwa mbele na watoto nyuma, halafu mnarudi mwakani. Acheni. Au pelekeni bila picha. Yule mtoto ana uso, ana jina, na atakua aione hiyo picha. Mkitaka kuitwa viongozi chagueni jambo moja, dogo, mlifanye mpaka watu wa mtaa wachoke kuwaona. Msibebe mambo manane. Elimu, mazingira, malaria, vijana, wazee, vyote kwenye fomu moja, kamati inajua huyo ameandika jana usiku. Moja tu. Na uliandike kwenye daftari, nimeshasema eeh, nasema tena.

Na nyie mliostaafu mna hela zenu na majina yenu mnalalamika kwenye redio kwamba wanamichezo hawathaminiwi. Paul Tergat, mkimbiaji wa Kenya, alikuwa mtoto wa Baringo anayekula shuleni chakula cha WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Akakua, akachukua mbio za nyika za dunia mara tano mfululizo, 1995 mpaka 1999, na 2004 akawa balozi wa hao hao WFP. Mwaka huo huo akaanzisha SOYA, tuzo za wanamichezo wa Kenya, wenzake wapate kuheshimiwa. Hakungoja waziri. Kwetu nani kaanzisha? Tunaogopa hata kuchangia kikombe cha ligi ya kata, lakini kwenye meza kuu tunataka kiti cha mbele.

La mwisho ni hela, na hili hamna aliyeniuliza. Tuzo nyingine zinakuja na hundi, nyingine zinakuja na cheti na soda. Ikija hundi, siku hiyo hiyo unakuwa na ndugu wapya. Watakuja waliosaini daftari kudai mgao, atakuja aliyegonga muhuri, atakuja kocha wa zamani aliyekutema. Kaeni kikao kabla, wakati bado hamjashinda na kila mtu ana adabu, muandike nani anapata nini, na mhusika mwenyewe abaki na chake bila kuona haya, maana mtu akiitwa kiongozi wa jamii watu wanadhani hali wala havai. Kijana wetu aliamua mapema: nusu inanunua vitabu vya alama vya zahanati, nusu ni yake, viatu vya mbio na kodi ya chumba. Juzi mjumbe mmoja wa mtaa kamfuata kijiweni anamuuliza kwanini asitoe zote kwa jamii kama ana moyo kweli. Akamjibu kwa alama moja tu, madereva wote wakaangua kicheko, na mjumbe mpaka leo anazunguka anauliza ile ina maana gani.