Uvimbe kichwani na kifafa: sisi tulisubiri miaka minne

Mleta mada, pole kwa kuuguza. Umesema kaka yako ana miaka 27, anaanguka tangu mwaka juzi, picha imeonyesha uvimbe mdogo kwenye ubongo, daktari anataka apasuliwe, na wazee huko Kasulu wanasema "mwacheni kwanza amalize dawa, kichwa si jipu". Unauliza umsikilize nani. Mimi si daktari, nauza mawese hapa Kigoma mjini. Ila nimemuuguza mdogo wangu wa kiume kwa ugonjwa huohuo, na sisi tuliwasikiliza wazee.

Kwake ilianza na harufu. Alikuwa anaingia ndani ananiuliza, "Dada, unaunguza mawese?" Wakati huo sijainjika hata sufuria. Anasimama palepale mlangoni, macho yameganda, mkono wa kushoto unachezea kifungo cha shati, mdomo unatafuna kitu ambacho hakipo. Dakika moja haifiki. Halafu anazinduka, hajui amekuja kufuata nini. Tulikuwa tunamcheka, mimi ndiye niliyemwita "mzee wa harufu". Hiyo ni 2016. Leo najua kile kilikuwa kifafa tayari, kile kisichomwangusha mtu, kinachoanzia sehemu moja tu ya ubongo. Kuanguka kwenyewe, kwa kukakamaa na povu, kulikuja mwaka uliofuata, na hapo ndipo kila mtu akawa na jina la jirani aliyemroga.

Akapewa dawa ya kifafa, fenobabito, akawa analala mchana kutwa na bado anaanguka. Akaongezewa nyingine, kabamazepini, akapata nafuu miezi kadhaa, ikarudi. Mwaka 2018 akapigwa CT skani. Tukaambiwa kuna kivuli kidogo, tuendelee na dawa, tutaangalia. Sitaitaja hospitali, na sina ugomvi na yule daktari. Neno "kidogo" ndilo lililotumaliza. Tulilipokea nyumbani kama habari njema, tukakaa nalo karibu miaka miwili.

Mdogo wangu alikuwa mvuvi wa dagaa Kibirizi. Kazi ya usiku, kukesha na taa ziwani, na kukosa usingizi ni kichocheo kikubwa cha kifafa hata kwa anayemeza dawa vizuri. Tulimkataza akawa anatoroka, maana ana watoto. Usiku mmoja akaenda majini na kamba mkononi. Wenzake walimvuta kwa kola ya koti, sweta likabaki ziwani. Alipoletwa nyumbani alfajiri bado alikuwa anatapika maji, na mama ndiye aliyesema, "Tunasubiri nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Tukapanda treni kwenda Dar. Akaanguka kabla hatujafika Tabora, abiria wakahama viti wakiogopa povu, mama mmoja akaja na kijiko anataka kumtia mdomoni. (Wekeni mbali vijiko jamani. Mlaze ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa, angalia saa. Ikipita dakika 5 ni ya kukimbiza hospitali. Na povu haliambukizi.)

Kule bingwa hakuanza na ukubwa wa uvimbe. Aliuliza ameanza lini. Nikasema kuanguka ni 2017. Akauliza kabla ya kuanguka? Ndipo nikakumbuka harufu. Alinyamaza kidogo, akaandika 2016.

Alivyotueleza, nami nimesoma sana baadaye, ni hivi. Uvimbe wa aina hii unakua polepole, wenyewe unaweza usimuue mtu miaka mingi. Tatizo ni ubongo unaouzunguka. Ni kama njia ya mbuzi shambani: wakipita mara moja nyasi zinainuka tena, wakipita kila siku panakuwa barabara. Kadiri mtu anavyoanguka miaka mingi, ndivyo kifafa kinavyojijengea makao nje ya uvimbe, na siku ukiutoa uvimbe barabara inabaki. Ndiyo maana tafiti zimeona waliopasuliwa ndani ya mwaka mmoja tangu kifafa kianze wanapona kifafa zaidi ya waliochelewa. Jambo jingine kubwa ni uvimbe kutoka wote: kwa vimbe hizi za polepole, ukitolewa wote, kama watu 7 hadi 8 kati ya 10 wanaacha kuanguka. Ukibaki kipande, hesabu hiyo inashuka.

Kuhusu "amalize dawa kwanza": dawa haziyeyushi uvimbe. Kitaalamu, ukishajaribu dawa mbili zinazofaa, kwa dozi sahihi na bila kuruka, na bado unaanguka, hicho kinahesabiwa kifafa sugu. Nafasi ya dawa ya tatu kukizima ni ndogo. Mwaka 2022 shirikisho la kimataifa la kupambana na kifafa, ILAE, lilishauri mgonjwa apewe rufaa ya kuchunguzwa kwa ajili ya upasuaji mara tu usugu huo unapothibitika. Tena likasema hata aliyetulia kwa dawa afikiriwe rufaa, kama ana doa kwenye ubongo mahali pasipoongoza mambo kama kusema au kutembea.

Sasa, wazee wako hawajakosea kila kitu. Kuna kusubiri kwa haki. Kwanza hakikisheni ni uvimbe kweli. Huku kwetu kivuli kwenye CT kinaweza kuwa kifua kikuu cha ubongo au vifuko vya tegu wa nguruwe, na hivyo mara nyingi ni vya dawa, si kisu. Na usiseme "sisi hatuli kitimoto". Vifuko vya kichwani vinatokana na kumeza mayai ya tegu yaliyotoka kwenye kinyesi cha mtu, kwa maji au mikono michafu, kwa hiyo hata shehe anaweza kuvipata. Mwombe daktari MRI, CT inaficha mengi. Pia kama uvimbe umekaa penye usemi, watataka wiki kadhaa za kupima na kupanga, hizo mpeni. Mzee wa miaka 75 mwenye uvimbe wa utando wa ubongo usiokua, naye anaweza kuangaliwa tu kwa picha. Lakini kaka yako akianza kuumwa kichwa asubuhi na kutapika, au kusinzia ovyo, hapo hakuna kikao cha ukoo, ni kumkimbiza.

Wetu alipasuliwa 2020. Maabara ikasema ni gangliogilioma, mojawapo ya vimbe hizo za polepole, si saratani kali. Alikaa miaka miwili bila kuanguka, akiendelea na vidonge, maana haviachwi siku ya kutoka wodini. Ramadhani moja akaruka dozi ya mchana bila kuuliza, akaanguka mara moja tu. Tangu hapo ametulia, daku lake lina vidonge na ratiba kapangiwa na daktari.

Ila maneno yanamkimbia. Koleo anaita "kile cha kubania". Majina ya wateja wangu, watu aliokua nao, yanampotea. Nilimuuliza bingwa kama ni kisu au ni ile miaka minne, akasema vyote vina fungu lao. Ziwani haendi. Anashona nyavu pale Kibirizi, kwa mkono mwepesi sana.

Mabingwa wa upasuaji wa ubongo wapo MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, na kwa nyie wa Kasulu hospitali ya Bugando, Mwanza, pia ni njia. Andika hapa: ameshatumia dawa gani, kwa dozi gani, kipimo kilikuwa CT au MRI, na kabla ya kuanguka mara ya kwanza, je, kuna kitu cha ajabu alikuwa anakisikia, harufu, ladha, tumbo kupanda kifuani? Muulize vizuri. Huenda mwaka juzi siyo mwanzo.