Kabla hujapandikiza jino la juu, uliza habari ya mfupa

Gego langu la juu kushoto liling'olewa mwaka 2011, hapa hapa Kigoma. Lilikuwa limeoza na shavu limevimba. Nikalipa, likang'oka, nikarudi Ujiji na pamba mdomoni. Habari ya mfupa sikuambiwa wala sikuuliza. Jino likiuma nani ana akili ya kuuliza mfupa? Miaka mitatu baadaye la jirani likafuata. Nikawa natafunia kulia tu, na mgebuka mkavu nikawaachia wenye meno.

Mwaka jana wanangu wakachanga nipandikiziwe meno, yale ya skrubu ya titani inayozamishwa kwenye taya. Nikapanda treni hadi Dar nikidhani ni kazi ya asubuhi moja. Daktari akanipiga picha ya CT, kisha akanigeuzia skrini.

"Mama, hapa umebakiwa na milimita tatu."

Juu ya hizo tatu palikuwa peusi: sinasi, chumba cha hewa kilicho pembeni ya pua. Skrubu ina urefu wa milimita 10 hivi. Angeizamisha wapi?

Kumbe jino likitoka, mfupa uliokuwa umelishika unaanza kusinyaa, na mwaka wa kwanza ndio unaopungua zaidi. Taya la juu lina balaa la ziada: kule nyuma mfupa wake ni laini, halafu sinasi nayo inashuka polepole. Unaliwa chini, unaliwa na juu.

Basi ikabidi kupandikiza mfupa kwanza. Nilipigwa sindano ya ganzi, nikawa macho muda wote. Alipasua ufizi, akatoboa kidirisha ubavuni mwa taya, akausukuma juu taratibu utando wa sinasi, ambao ni mwembamba kama ngozi ya ndani ya ganda la yai, kisha akajaza chembechembe za mfupa chini yake. Maumivu sikuyasikia, ila mtetemo wa ile mashine ulifika hadi kwenye jicho. Uso ulivimba siku nne. Baada ya hapo ni kungoja miezi sita, mwili ujenge mfupa wake katikati ya zile chembe, ndipo skrubu iingie.

Sasa, zile chembe zinatoka wapi? Uliza mapema. Zipo za ng'ombe, za binadamu aliyefariki, za kutengenezwa maabara, au unakatwa mfupa wako mwenyewe kidevuni au nyuma ya taya. Na kile kitambaa laini cha kufunikia kidirisha, vingine hutokana na nguruwe. Kwetu Ujiji hilo si dogo. Niliuliza kwa kusitasita, daktari wala hakushangaa. Alileta kisanduku tukasoma pamoja. Ng'ombe.

Shemeji alishanikatia tiketi ya ndege ya siku ya tatu. Daktari akakataa katakata, kwa sababu ya mgandamizo wa hewa. Akaniambia pia nisipenge kamasi, nisinywe kwa mrija, na chafya ikija nipige mdomo wazi, nisiizuie, maana ule utando ukichanika kazi yote inaharibika. Anayevuta sigara aache, na mwenye kisukari aishushe sukari kwanza. Nilikaa kwa shemeji wiki mbili, nikarudi kwa treni nimevaa barakoa. Kabla ya Tabora vumbi likanishinda, nikapiga chafya mdomo wazi kama kiboko, behewa zima likageuka. Mtoto mmoja alicheka hadi Urambo.

Kwenye bei, uliza kama mfupa umo au ni juu yako. Mimi niliambiwa ya skrubu, ya mfupa nikaikuta mezani. Fedha isipotosha, meno ya bandia ya kuvua na kuvaa si aibu. Mama yangu aliyavaa miaka mingi na mahindi ya kuchoma alikula.

Wiki ijayo mdogo wangu anang'olewa gego la juu. Nimemwandikia swali kwenye karatasi, amwonyeshe daktari kabla ya ganzi: "Hilo shimo linaweza kujazwa mfupa leo leo?"