Fundi ana uhakika, kona zimepinda

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Najenga nyumba ya vyumba vitatu. Fundi wangu ni mtu mzima mwenye uzoefu, na hana neno “labda”. Lakini kona mbili zimepinda, na ukuta wa choo tumeubomoa mara mbili. Wiki ijayo tunamwaga zege la mkanda unaofunga kuta zote. Nikiuliza vipimo anajibu, “Mama, niachie mimi.” Nimwambieje bila kumvunjia heshima?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mama, usibishane naye juu ya uzoefu, anao kweli. Tatizo ni kwamba fundi hukabidhi nyumba na kuondoka kabla nyufa hazijatokea. Makosa yake hayamrudii, kwa hiyo anabaki anakumbuka nyumba zilivyopendeza siku ya kukabidhi. Wewe mwonyeshe matokeo ya kazi yake siku hiyohiyo anapoifanya, kwa kipimo.

Muulize kabla ya kazi, pembeni, mbali na saidia fundi wake: “Fundi, toroli hili la mchanga linaingia ndoo ngapi?” Andika jibu lake kwenye daftari, kisha mpime pamoja. Usimcheke akikosea. Akisema “nilijua”, mwache. Mradi kipimo kimebadilika. Akipatia, andika pia. Baada ya wiki mbili utajua ni kazi zipi za kumwachia na zipi za kumsimamia, maana huenda kwenye plasta hana mpinzani.

Kwa zege la 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35. Unahitaji ndoo tatu na nusu za lita 20 za mchanga na ndoo saba za kokoto. Kama mhandisi wako ameandika mchanganyiko mwingine, fuata wake. Maji yawe kama lita 25 kwa mfuko, na yapungue mchanga ukiwa umelowa. Hapo ndipo patakapowaka moto. Fundi anayepima kwa macho hupenda zege jepesi kwa sababu linapandishwa na kumwagwa bila taabu, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vitundu na zege hudhoofika. Pia kataa zege lililoanza kukaza lisiongezwe maji ili lilainike.

Kona zilizobaki zipimeni kwa kamba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari, yaani mstari unaounganisha ncha hizo mbili, utoke mita 5 kamili. Chumba cha pembe nne kikiwa na kona zote za pembe mraba, mishazari yake miwili, kona hadi kona, hulingana. Mwombe ashike ncha ya futi ya kupimia yeye mwenyewe. Namba aliyoisoma kwa macho yake hatabishana nayo sana.

Akiikataa ndoo kabisa, ahirisha kumwaga, hata kama vibarua wameshafika. Na malipo ya mkanda mwandikiane mapema: sehemu ya mwisho anapokea baada ya siku saba za kulimwagilia zege maji.