Hati ya mashtaka iliandika miaka 19, mpwa wangu alikuwa na 15

Wakuu, nimeufuatilia uzi huu tangu jana usiku na nimeshindwa kunyamaza. Mleta mada anauliza kama kijana wa miaka 15, 16 au 17 anayetuhumiwa kwa mauaji, ubakaji au unyang'anyi wa kutumia silaha ashitakiwe kama mtu mzima. Wengi mmekumbushia Panya Road, vile vikundi vya vijana wenye mapanga wa Dar mwaka 2022, na mchangiaji mmoja ameandika kwamba anayeshika panga si mtoto. Hasira hiyo naielewa. Mimi ni mjomba wa mtoto aliyekuwepo panga liliposhikwa.

Ilikuwa Juni 2019, pembezoni mwa Morogoro. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alitumwa na wanaume wawili asimamishe bodaboda kama abiria, amwelekeze dereva njia ya mashambani. Huko wale wawili walikuwa wamejibanza wanasubiri. Dereva alikatwa panga kwenye mkono wa kushoto akijikinga, pikipiki ikaondoka. Wakubwa walitoweka usiku uleule. Yeye alirudi nyumbani kwa mama yake akalala, na polisi walipofika asubuhi raba zake zilikuwa mlangoni, zimejaa tope. Sitawaambia alisingiziwa. Alifanya, na alilipwa elfu ishirini.

Kituoni aliulizwa umri, akajibu kumi na tisa. Kwa nini? Kwa sababu kwa karibu mwaka mzima alikuwa saidia fundi, na mafundi walikuwa wanamkataa kila akisema umri wake halisi. Akazoea kujiongezea miaka minne. Mrefu, sauti imeshakuwa nzito, ndevu zinachungulia. Askari akaandika alichoambiwa. Tangu siku hiyo mtoto akawa na miaka 19, na kila kilichofuata kilifuata karatasi ile.

Hapa ndipo naomba tuelewane. Kwa sheria zetu swali la mleta mada lilishajibiwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Kesi yake ya jinai inakwenda Mahakama ya Watoto, isipokuwa ya mauaji, ambayo husikilizwa Mahakama Kuu. Mtoto hahukumiwi kifungo cha jela. Kanuni ya Adhabu nayo inakataza hukumu ya kifo kwa aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18, na aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kabisa kwa jinai. Watu wazima wanaotiwa hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha wanakutana na kifungo kisichopungua miaka 30. Kwa hiyo kati ya 17 na 18 pana mstari mzito kuliko wengi wanavyodhani, na kwa mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa mstari huo unachorwa na yeyote aliyeshika kalamu kituoni. Tunabishana kama tuwashitaki watoto kama watu wazima, kumbe wapo wanaoshitakiwa hivyo tayari bila bunge kupitisha lolote.

Siku ya kwanza mahakamani nilikaa benchi la tatu. Shitaka lilisomwa kwa Kiswahili safi, kisha akaulizwa: ni kweli au si kweli? Akajibu, "Ndiyo." Hakimu akamuuliza ndiyo nini. Akageuka nyuma kumtafuta mama yake kwa macho. Hakimu alikuwa mtu mwenye subira, akarudia swali taratibu, na mtoto akasema tena ndiyo, kama anavyomjibu mwalimu ili yaishe. Mwishowe iliandikwa kwamba amekana. Mtu mzima angejua kwamba neno moja pale linaweza kuwa miaka 30. Yeye alidhani anaulizwa kama amesikia.

Wanaosema mtoto wa miaka 15 hajui jema na baya, sikubaliani nao. Alijua wanakwenda kuiba. Ambacho hakuweza ni kumkatalia mwanaume wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa anamnunulia chipsi kila jioni na kumwita "mdogo wangu", na hakuweza kujitetea peke yake mbele ya mahakama. Hayo ni mambo mawili, na hakuna hata moja linaloponyesha mkono wa yule dereva.

Kwa shitaka lile la unyang'anyi wa kutumia silaha mtu mzima hana dhamana, basi akapelekwa mahabusu ya gereza pamoja na wakubwa. Miezi mitano. Kesi ikawa inatajwa na kuahirishwa, inatajwa na kuahirishwa, upelelezi haujakamilika. Agosti alitimiza miaka 16 humo ndani. Nilipokwenda kumwona aliniuliza, "Mjomba, upelelezi ukikamilika ndiyo naachiwa?" Jinsi alivyokuwa analala sitaandika hapa. Nitasema tu kwamba alianza kumwita nyapara wa chumba chao "baba".

Dada yangu alikuwa anasema tangu mwanzo kuwa mtoto ana 15, ila alikuwa anawaambia majirani na askari wa getini. Hakuna aliyemwambia amwambie hakimu. Novemba alisimama mwenyewe pale nyuma, kitenge kimemdondoka begani, akasema, "Mheshimiwa, huyu nimemzaa mimi, mwaka 2003." Nikajua tutatolewa nje. Hakimu akaweka kalamu chini, akamuuliza ana nini cha kuonyesha.

Alikuwa na kadi ya kliniki. Ilikuwa imefungwa kwenye nailoni mbili chini ya begi la nguo, kona moja imeliwa na mchwa. Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa kwa wino wa bluu uliofifia, uzito kilo 2.9, na vidoti vya uzito wa kila mwezi vinapanda vizuri halafu vinakatika alipofikisha mwaka na nusu, mama alipohamia shamba. Mahakama ikafanya uchunguzi wa umri kama sheria inavyotaka. Dada akatoa ushahidi, mwalimu mkuu akaja na rejista ya kuandikishwa darasa la kwanza, na hakimu akaamua kwamba ni mtoto.

Kwenye Mahakama ya Watoto hapakuwa na kizimba. Chumba kidogo, watu wengine hawaruhusiwi, mimi na mama yake tumekaa naye bega kwa bega. Afisa ustawi wa jamii alikuwa ameshafika nyumbani, shuleni, hata kwa fundi aliyekuwa anamtumikisha. Na pale, kwa mara ya kwanza, mtoto aliwataja wale wawili. Kule gerezani alikuwa hathubutu, aliogopa kwamba wakikamatwa watamkuta humohumo. Mmoja alikamatwa miezi miwili baadaye. Mnaotaka ukali, lipimeni hili: miezi mitano ya kumtendea kama mtu mzima ilikuwa inawalinda watu wazima wenyewe.

Alipelekwa shule ya maadilisho, yaani ya kuwarekebisha watoto waliotiwa hatiani, ya Irambo, Mbeya, akakaa hadi Agosti 2021. Wanaosema huko ni kubembelezwa, sijui wanazungumzia nini. Ni mtoto aliyetengwa na kwao, safari ya kutwa nzima kwa basi, anaamshwa na kulazwa kwa kengele. Alirudi anajua useremala na anaweza kukaa kimya bila kuvunja kitu.

Kuhusu Marekani aliyoitaja mleta mada kama mfano wa kuigwa: ni kweli majimbo mengi yanaruhusu kijana apelekwe mahakama ya watu wazima. Lakini Mahakama yao ya Juu ilipiga marufuku adhabu ya kifo kwa waliotenda kosa chini ya miaka 18 mwaka 2005, na mwaka 2012 ikakataza sheria zinazomlazimisha hakimu kuwapa kifungo cha maisha bila nafasi ya msamaha. Wanarudi nyuma polepole kutoka huko tunakoambiwa twende. Jirani zetu Kenya, kwa Sheria ya Watoto ya 2022, wamepandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12.

Sasa yule dereva. Tulikwenda kwao, mimi na dada, baada ya kuuza kiwanja ili tuchangie matibabu. Mama yake alitupokea, akaitikia shikamoo ya dada yangu, akatupa viti. Pesa alizipokea bila kuzihesabu. Kisha akasema, "Mtoto wenu atarudi na vidole vyake." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Vidole vitatu vya kijana wake havikunji. Na kwa kuwa shauri la mtoto linasikilizwa faraghani, matokeo yake walikuja kuyajua kutoka kwetu, barazani kwao. Hapo ndipo wenye hasira mna hoja. Aliyejeruhiwa aambiwe, aitwe, alipwe. Hilo linawezekana bila kumlaza mtoto wa miaka 15 kwenye mkeka mmoja na majambazi.

Kwa mzazi ambaye mwanawe amekamatwa leo: umri usemeni siku ya kwanza, kwa sauti, mbele ya hakimu, na mwombe uandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Bebeni kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, rejista ya shule, na mtafuteni afisa ustawi wa jamii wa wilaya asubuhi hiyohiyo. Wenye watoto wadogo, nendeni mkachukue vyeti vya kuzaliwa. Mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, wa kuwasajili walio chini ya miaka mitano ulianza Mbeya mwaka 2013, na mpwa wangu wakati huo alikuwa anakaribia kumi.

Ile kadi ilibaki mahakamani kama kielelezo. Dada yangu bado anaiulizia.