Uvimbe kwenye neva ya jicho: mbona hakuna dawa wala upasuaji?

Swali: Daktari, binti yangu ana miaka 4. Tangu uchanga ana madoa ya kahawia mwilini, na sasa MRI imeonyesha uvimbe kwenye neva ya jicho la kushoto. Mimi na baba yake tumeambiwa turudi baada ya miezi 3, basi. Hatuchelewi kweli?

Jibu: Pole sana, mama. Hamchelewi, mradi miadi hiyo msiikose. Madoa yakifika 6 au zaidi, kila moja likizidi milimita 5, hushukiwa neurofaibromatosisi aina ya 1, hali ya kijenetiki. Kati ya watoto 100 wenye hali hiyo, 15 hadi 20 hupata uvimbe huu. Kwao huwa ni glioma (uvimbe wa seli zinazotegemeza neva) ya daraja la chini, ya kukua polepole, na wengi hawapati shida yoyote ya kuona. Mara nyingi hata kukata kinyama cha kupima hakuhitajiki.

Upasuaji hauharakishwi kwa sababu uvimbe umo ndani ya nyuzi za neva yenyewe. Ukiutoa, umetoa na kuona. Upasuaji hubaki kwa jicho lililokwisha pofuka na kusukumwa nje. Mionzi ndiyo ningeikwepa zaidi kwa mtoto kama huyu: yaweza kuziba mishipa ya damu ya ubongo na kuleta saratani nyingine baadaye.

Kinachoamua tiba ni anavyoona, kuliko ukubwa wa uvimbe kwenye picha. Kwa hiyo msiridhike na MRI peke yake. Apimwe kuona, jicho mojamoja. Daktari pia atamulika tochi jicho la kulia, lisilo na uvimbe, mboni zote mbili zisinyae, kisha aihamishie haraka jicho la kushoto. Mboni zikitanuka badala ya kubaki ndogo, neva hiyo inapeleka taarifa kwa udhaifu.

Kuona kukishuka (kipimo hurudiwa kwanza, maana mtoto wa miaka 4 akichoka hujibu ovyo), huanzishwa dawa za mshipani, kwa kawaida kaboplatini na vinkristini, kwa mwaka mmoja au zaidi. Lengo ni kulinda uoni uliobaki. Uliopotea mara nyingi haurudi.

Akianza makengeza, jicho likitokeza au kuchezacheza, akitapika asubuhi pamoja na kuumwa kichwa, au akiota matiti kabla ya miaka 8, mpelekeni mara moja, miezi 3 isisubiriwe.