Mwanangu, kwanza kaa naye na madaftari

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema huu ni mwezi wa tatu tangu ukabidhiwe umeneja wa SACCOS, kompyuta zinaingia badala ya madaftari, na Mzee aliyekutangulia bado anakuja kila asubuhi kukaa kwenye benchi la mlangoni. Wanachama wanampitia yeye kwanza. Unaniuliza umwambieje asije tena bila kumvunjia heshima.

Usimwambie asije, mama. Mimi niliteleza hapo hapo.

Nilipochaguliwa katibu wa chama chetu cha msingi cha kahawa, wiki ya kwanza tu nilibadilisha kufuli la stoo na kumwondoa karani wa mizani, kwa sababu alikuwa mtu wa katibu aliyetoka. Msimu ukafunguliwa. Wakulima wamepanga foleni na magunia tangu alfajiri, nami nikafungua daftari lake. Pembeni mwa majina kulikuwa na alama za kalamu nyekundu: msalaba, nukta mbili, duara. Hakuna aliyejua maana yake. Kumbe ndizo zilizoonyesha nani anadaiwa pembejeo na nani ni marehemu, kahawa yake inaletwa na mjane. Jioni nilimfuata nyumbani kwake, nikamwomba radhi mbele ya mkewe. Akanisomea daftari lote kwa mwanga wa chemli, hatukumaliza hadi usiku wa manane.

Kwa hiyo kabla hamjaingiza jina hata moja kwenye mfumo, kaa na Mzee, ukurasa kwa ukurasa. Bodi impe barua ya kazi hiyo, na posho, na tarehe ya mwisho iandikwe humo.

Hiyo tarehe uing'ang'anie. Nilikuwa msichana Mwalimu Nyerere alipong'atuka Ikulu mwaka 1985, nasi tulilia. Lakini alibaki Mwenyekiti wa CCM hadi Agosti 1990, na enzi hizo chama ndicho kilichoshika hatamu. Mzee Mwinyi, rais aliyempokea, alilegeza biashara, akakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 1986, ila miiko ya viongozi ya Azimio la Arusha, iliyowakataza kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba za kupangisha, haikulegezwa mpaka viti vyote viwili, urais na uenyekiti wa chama, vilipokuwa vyake, kule Zanzibar, Februari 1991. Ile miiko naisikitikia hadi leo, kwa hiyo sikuambii haya kumsifu mmoja na kumlaumu mwingine. Nakuambia viti viwili vina gharama yake, hata wakikaa waungwana.

Mkutano mkuu ukifika, mwombe akukabidhi funguo za sefu yeye mwenyewe, wanachama wakiona, na hati ya makabidhiano isainiwe pale pale. Akitaka kusema, aseme mpaka amalize.

Jumamosi mtembelee nyumbani, usiende mikono mitupu. Ukikuta alama usizozielewa, muulize yeye kabla ya kumuuliza fundi wa kompyuta.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako